Kuchagua na Kuunda Taa za LED kwa Akwariamu ya Matumbawe

Matumbawe ni wanyama, lakini sehemu kubwa ya chakula chao hutokana na mwanga. Ndani ya tishu zao huishi mwani mdogo sana uitwao zuzanteli, ambao hufanya usanisinuru mchana kutwa na kumgawia mwenyeji wake sukari na virutubisho vingine. Mwanga ukipungua, mwani huo hauzalishi vya kutosha na tumbawe hudhoofika polepole. Ukizidi, mwani huanza kuzalisha oksijeni yenye madhara kwa seli, na tumbawe huufukuza mwilini mwake na kubaki jeupe. Kupauka kwa namna hiyo ndiko kulikoangamiza sehemu kubwa ya miamba ya pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998, wakati El Niño ilipopandisha joto la bahari, na joto na jua kali vikafanya kazi pamoja. Ndani ya tangi la kioo jambo hilohilo linaweza kutokea kwa siku chache, tena kwa sababu ya taa iliyonunuliwa kwa nia njema.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei ya taa, ni lazima ujue ni mwanga kiasi gani unaotakiwa kufika pale tumbawe lilipokaa. Hilo ndilo ninalolisisitiza katika mwongozo huu wote: mwanga upimwe mahali mnyama alipo, kwa kipimo kinachomhusu yeye. Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazikuambii hilo, na macho ya mwenye tangi hayakuambii pia.

Kipimo kinachofaa

Kipimo kinachotumika huitwa PAR, yaani kiasi cha mwanga wenye urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 700 (urefu huo ndio unaoamua rangi ya mwanga), ambao mwani unaweza kuutumia kwa usanisinuru. Huhesabiwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Hapa nitasema mikromoli tu. Jua la utosi katika nchi za tropiki hufikisha takriban mikromoli 2,000 juu ya uso wa bahari, lakini maji hulipunguza upesi, na hakuna tangi la nyumbani linalohitaji kiasi hicho.

Matumbawe laini kama Sinularia, Sarcophyton na Xenia, ambayo aliyewahi kupiga mbizi pwani yetu ameyaona, hustawi kwa mikromoli 50 hadi 150. Yale yenye mifupa na polipu kubwa (polipu ni vinyama vidogo vyenye mdomo na minyiri vinavyounda tumbawe), kama Euphyllia, huridhika na kati ya 80 na 200. Yale yenye polipu ndogo, hasa Acropora, ndiyo yanayodai mwanga mwingi: 200 hadi 350, na wafugaji wazoefu ambao hali ya maji yao haibadilikibadiliki hupandisha hadi 400. Viwango hivi vimetokana na uzoefu wa wafugaji wengi, na havina mpaka mkali. Acropora iliyozoea mikromoli 200 inaweza kuwa na afya kuliko iliyolazimishwa kuishi kwenye 400.

Kifaa cha kupimia PAR chini ya maji ni ghali. Kinachofahamika zaidi ni cha Apogee, modeli ya MQ-510, ambacho kihisi chake huzamishwa majini na kusogezwa mahali hadi mahali. Kwa kuwa mtu hukihitaji mara chache, ni busara wafugaji kadhaa wa mji mmoja wachangie kununua kimoja na kuazimana, badala ya kila mmoja kukisia.

Wengi hujaribu kukwepa gharama hiyo kwa kutumia kipima luksi au programu ya simu. Tatizo ni kwamba luksi imeundwa kulingana na jicho la binadamu, ambalo huona vyema zaidi mwanga wa kijani wa karibu nanomita 555. Kwa mwanga wa buluu wa nanomita 450, ambao ndio chakula kikuu cha zuzanteli, uwezo wa jicho ni kama asilimia 4 tu ya uwezo huo wa juu. Tangi lililowashwa taa za buluu peke yake linaweza kuonekana lina kiza, huku matumbawe yaliyo juu ya jiwe yakiungua. Ukielewa jambo hili moja, umejiepusha na hasara kubwa kuliko inayoweza kuepushwa na taa yoyote ya bei.

Rangi za mwanga

Klorofili za zuzanteli, pamoja na rangi nyingine ya mwani huo iitwayo peridinini, hunyonya kwa nguvu mwanga wa zambarau, wa buluu na ule unaokaribia kijani. Bahari yenyewe ndiyo iliyowazoesha hivyo: maji humeza wekundu kwanza, na kufikia kina cha mita 10 karibu wote umekwisha, ilhali buluu huendelea kushuka. Diodi za LED, yaani vijitaa vidogo vya kielektroniki vinavyounda taa hizi, zinalingana vizuri na hali hiyo, kwa sababu diodi ya buluu hutoa nguvu yake yote ndani ya kipande chembamba cha mawimbi kinachohitajika. Teknolojia yenyewe si ya zamani. Shuji Nakamura alitangaza diodi ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993 akiwa katika kampuni ya Nichia, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo.

Uti wa mgongo wa taa yako uwe diodi za buluu iliyokoza za nanomita 450 hadi 455. Uongeze buluu ya kawaida ya nanomita 470 na chache za zambarau za nanomita 405 hadi 420, ambazo hufanya protini za matumbawe zing'ae kwa kijani, chungwa na waridi. Nyeupe zinahitajika ili macho yaone samaki kwa rangi zao halisi, na ieleweke kwamba diodi nyeupe ni diodi ya buluu iliyofunikwa poda ya manjano inayogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano, kwa hiyo nayo inalisha. Chagua nyeupe ya Kelvini 6,500 au zaidi (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: kadiri inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea buluu). Nyekundu na kijani ni za mapambo. Ukiziweka, ziwe chache sana.

Mtu mwenye bajeti ndogo anayetaka matumbawe laini pekee anaweza kuanza na taa mbili za nje za LED za dukani, moja nyeupe ya Kelvini 6,500 na moja ya buluu. Hazitampa mng'ao wa kuvutia, wala hazitadumu sana kwenye hewa ya chumvi, lakini Sinularia na Sarcophyton zitaishi na kukua.

Kununua iliyo tayari

Anayenunua taa iliyokwisha kuundwa adai mambo mawili: ramani ya PAR na kipimo halisi cha umeme. Ramani nzuri huonyesha mikromoli katikati na pembeni, kwa kina tofauti. Muuzaji anayekuonyesha namba moja kubwa ya katikati, iliyopimwa sentimita chache chini ya taa, hajakuambia chochote kuhusu kona za tangi lako. Taa ndogo za duara au mraba, kama AI Prime, zinafaa tangi la upande mmoja usiozidi sentimita 60. Tangi la sentimita 90 linahitaji mbili, la sentimita 120 mbili au tatu. Ni afadhali taa mbili za wastani kuliko moja kali, kwa sababu mwanga unaotoka sehemu moja huacha kivuli kizito chini ya kila tawi, na upande wa kivuli hufa.

Kuhusu wati, zipo taa za bei nafuu zinazotangazwa kuwa za wati 165 kwa sababu zina diodi 55, na kila diodi inahesabiwa kuwa ya wati 3, ingawa zinaendeshwa kwa mkondo mdogo na hutumia pungufu ya hapo. Hilo silo kosa la kiufundi, na diodi isiyoendeshwa hadi ukingoni hudumu zaidi, ila mnunuzi apime mwenyewe kwa kifaa cha soketi kabla ya kulinganisha bei.

Kuiunda mwenyewe

Nitachukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana 45 na kina 45, lenye ujazo wa takriban lita 180. Diodi 36 za wati 3 zinatosha kwa matumbawe laini na yale yenye polipu kubwa, na huacha nafasi ya Acropora chache juu kabisa ya mwamba. Anayetaka tangi zima la Acropora aongeze minyororo miwili mingine ya diodi kwa utaratibu huuhuu.

Nunua diodi zilizokwisha kubandikwa kwenye vibamba vya alumini vyenye umbo la nyota, vya milimita 20, kwa sababu kuilehemu diodi tupu kwa mkono ni kazi ngumu bila sababu. Zipange katika minyororo mitatu ya diodi 12, kila mnyororo ukiungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya iliyotangulia. Mnyororo wa kwanza uwe wa nanomita 450 wote. Wa pili uchanganye diodi nne za 420, nne za 450 na nne za 470. Wa tatu uwe wa nyeupe. Kwa mkondo wa miliampea 700, kila diodi hula takriban volti 3.3, kwa hiyo mnyororo mmoja unahitaji kama volti 40 na kutumia wati 28. Yote mitatu hufika wati 84.

Diodi haitakiwi kuungwa moja kwa moja na pawa saplai ya kawaida, kwa maana kadiri inavyopata moto ndivyo inavyovuta mkondo zaidi, hadi iungue. Katikati lazima iwepo draiva ya mkondo thabiti, yaani kifaa kinachoushikilia mkondo usipande wala kushuka. Modeli ya LDD-700H ya Mean Well inafaa kazi hii: inapokea hadi volti 56, inatoa miliampea 700, ni ndogo kuliko kiberiti, na ina pini ya kuunganishia waya wa kupunguzia mwanga. Draiva moja kwa kila mnyororo, na zote tatu zilishwe na pawa saplai moja ya volti 48 ya wati 150. Ile ya wati 100 ingeweza kubeba mzigo huo kwa shida, lakini kifaa kinachofanya kazi karibu na kikomo chake, katika chumba cha nyuzijoto 32 cha Tanga au Mombasa, hakidumu.

Kwa kupoozea, tafuta mabamba mawili ya alumini yenye mapezi, kila moja urefu wa sentimita 75 na upana wa 10. Diodi hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto ambalo hutokea kwa nyuma, si kwa mbele, na joto hilo lisipoondolewa mwanga hufifia na maisha ya diodi hukatika. Gawanya diodi katika vikundi 12 vya tatu-tatu, kila kikundi kikiwa na moja kutoka kila mnyororo, vikundi sita kwa kila bamba, umbali wa takriban sentimita 12 kati ya kikundi na kikundi. Ndani ya kikundi, diodi zikaribiane kabisa. Zikikaa mbali, rangi hazichanganyiki, na utaona mistari ya buluu na manjano ikicheza kwenye mchanga na vivuli vyenye rangi chini ya kila tawi.

Safisha alumini kwa spiriti. Paka grisi ya kupitisha joto, tabaka jembamba kiasi cha kuonekana tu, kisha funga kila nyota kwa skrubu mbili zenye washa za plastiki, kwa sababu kichwa cha skrubu cha chuma kikigusa sehemu ya kulehemu, umeme huingia kwenye bamba. Lehemu sasa. Kibamba cha nyota hunyonya joto haraka, kwa hiyo kifaa cha kulehemu kiwe na ncha pana na moto wa kutosha. Weka kwanza tone la risasi kwenye kila sehemu ya nyota na kwenye ncha ya waya, ndipo uviunganishe. Kiungo kizuri hung'aa na kutambaa pembeni ya waya. Kilichokunjamana na kuwa cha kijivu, kirudie palepale, kwani kikiachia baadaye mnyororo wote wa diodi 12 utazimika na utalazimika kuvitafuta viungo vyote kimoja kimoja.

Kabla ya kuwasha, chukua multimita uiweke kwenye upande wa kupima mwendelezo, na ugusishe ncha moja kwenye alumini tupu na nyingine kwenye kila kiungo. Pasisikike mlio popote. Kisha uiweke kwenye upande wa kupima diodi na uguse chanya na hasi ya kila moja. Diodi nzima mara nyingi hutoa mwanga hafifu, na iliyogeuzwa haitoi kitu. Unganisha mnyororo na draiva umeme ukiwa umezimwa, kila mara. Kuchomoa na kuchomeka diodi huku draiva ikifanya kazi kunaweza kuziua kwa mshtuko wa mkondo.

Draiva hizo hupunguza mwanga kwa ishara ya PWM, yaani kuwasha na kuzima upesi sana, ya hezi 100 hadi 1,000, na Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuratibu vifaa, hutoa hezi 490 kwenye pini zake nyingi, hivyo vinaelewana bila kifaa kingine. Angalia jambo moja: waya wa kupunguzia mwanga ukikatika au kuchomoka, draiva huwaka kwa nguvu zote. Waya huo ulehemiwe, usichomekwe tu. Ongeza pia saa ndogo ya kielektroniki, kama DS3231, yenye betri ya kidonge, ili umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, ratiba isianze upya kutoka sifuri. Umeme unapokatika kwa muda mrefu, usitumie akiba ya betri kwa taa. Matumbawe huvumilia siku moja au mbili za giza, lakini samaki na matumbawe yenyewe hayavumilii maji yaliyosimama, kwa hiyo akiba iende kwenye pampu.

Lenzi za mbele ya diodi zinazotandaza mwanga kwa pembe ya nyuzi 90 zinatosha kwa kina cha sentimita 45 taa ikining'inia sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Lenzi za nyuzi 40 au 60 ziachie matangi marefu ya kwenda chini, kwa maana juu ya tangi fupi huchoma duara la katikati na kuacha pembe gizani.

Chumvi, maji na umeme

Hewa iliyo juu ya tangi la bahari hubeba matone ya chumvi, na chumvi hula shaba na risasi. Funga uso wa taa kwa akriliki angavu ya milimita 3, na ufute akriliki hiyo kila wiki kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kwa sababu ukungu wa chumvi peke yake hupunguza mwanga kwa kiasi kinachopimika. Feni ndogo, ikiwa itahitajika, ipulize juu ya mapezi na kutoa hewa pembeni, isivute hewa kutoka kwenye maji. Bamba likikaa chini ya nyuzijoto 50 taa ikiwa imewaka kikamilifu kwa saa mbili, limetosha.

Upande wa umeme wa nyumbani haufanyiwi mzaha. Pawa saplai na draiva zikae mbali na tangi, juu ya usawa wa maji au ukutani, kamwe zisiwe sakafuni chini ya kabati. Kila waya uteremke chini ya soketi kisha upande kuingia, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye soketi. Unganisha mabamba ya alumini na waya wa ardhi, na umwombe fundi umeme aweke swichi inayokata umeme mara tu unapovuja, ya miliampea 30, kwenye laini ya tangi. Swichi hiyo inalinda uhai wa mtu ambaye mkono wake uko ndani ya maji ya chumvi, na sioni sababu yoyote ya kuianzisha akwariamu kabla haijafungwa.

Kwa matumizi, taa hii ikiwaka kikamilifu huvuta takriban wati 100 kutoka ukutani, yaani uniti moja kwa saa 10. Ikiendeshwa saa 10 kila siku kwa wastani wa asilimia 60, ni kama uniti 18 kwa mwezi.

Ratiba na kuzoesha

Ratiba ninayoipendekeza huanza saa nne asubuhi, minyororo ya buluu ikipanda polepole hadi saa sita. Nyeupe huwaka kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kisha buluu hushuka na kuzimika saa mbili usiku. Mfugaji anayerudi kazini jioni anapata saa mbili za kuyaangalia matumbawe yaking'aa, na matumbawe yanapata saa 14 za giza. Usiyaibie giza. Taa ya mwezi inayowaka usiku kucha haina faida yoyote kwao.

Taa mpya isianzishwe kwa nguvu zote hata kama ramani ya PAR inaonyesha inafaa. Anza na asilimia 30, ongeza asilimia 5 kila wiki, na usimame PAR inapofika kiwango kinachoyafaa matumbawe yako, kabla hayajaanza kupauka. Mtu anayehama kutoka taa za zamani za flurosenti kwenda LED awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa tangi linaweza kuonekana na mwanga uleule huku PAR imepanda sana. Tumbawe jipya liweke chini, kwenye mchanga, kwa wiki mbili, kisha ulipandishe hatua kwa hatua. Hakikisha pia limetoka mahali halali: matumbawe yote magumu yamo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na vipande vilivyooteshwa kwenye matangi huzoea taa kwa urahisi kuliko vilivyong'olewa baharini.

Dalili zijifunze mapema. Tumbawe linalogeuka kahawia huku likiwa na polipu zilizotoka vizuri linaongeza mwani wake, aghalabu kwa sababu ya mwanga mdogo au virutubisho vingi majini. Halina haraka, unaweza kuongeza mwanga kwa wiki kadhaa. Tumbawe laini linalorefuka na kujinyoosha kuelekea juu linasema hivyohivyo. Lakini tumbawe linalojikunyata mchana na kufunguka jioni taa zinapofifia, au linalopauka kuanzia ncha na upande wa juu huku upande wa kivulini ukiwa na rangi yake, limepata mwanga uliozidi. Hapo usisubiri kesho: shusha taa kwa asilimia 20 siku hiyohiyo, au uweke wavu wa dirishani tabaka moja au mawili juu ya tangi. Pima pia joto la maji, kwa sababu juu ya nyuzijoto 29 hata mwanga wa kawaida huwa mzito kwa tumbawe, na kushusha taa bila kuyapooza maji hakutatosha.